Al Smith, mbunge aliyekesha na miswada

Al Smith hukumbukwa zaidi kwa mwaka 1928, alipogombea urais wa Marekani akiwa Mkatoliki wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa, akashindwa na Herbert Hoover. Mimi namheshimu kwa miaka iliyotangulia, 1904 hadi 1915, alipokuwa mbunge katika bunge la jimbo la New York, kule Albany.

Alikuwa mtoto wa Lower East Side, mtaa wa jijini New York. Baba alipofariki aliacha shule akiwa bado kijana mdogo, akatafuta kibarua, baadaye akafanya kazi katika soko la samaki la Fulton. Waliompeleka bungeni ni Tammany Hall, kundi la vigogo wa chama cha Democratic waliogawa vyeo na fadhila mjini, na hilo halifai kufichwa. Mwanzoni alikaa kimya tu, akipiga kura walivyotaka wakubwa wake, miswada yenyewe haielewi. Nusura akate tamaa. Kilichomwokoa ni kusoma. Usiku alijifungia na rundo la miswada, kifungu kwa kifungu, hata bajeti ya jimbo akaifahamu kuliko wanasheria waliotoka vyuo vikuu. Mwaka 1913 akawa Spika.

Lakini karatasi peke yake isingetosha. Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua jijini New York, wakafa watu 146, wengi wao mabinti wahamiaji wa Kiitaliano na Kiyahudi. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ngazi za zimamoto hazikufika orofa walizokuwemo. Smith alikwenda kuwapa pole wafiwa majumbani mwao. Kisha bunge likaunda tume ya kuchunguza viwanda, Robert Wagner mwenyekiti, Smith makamu wake. Frances Perkins, aliyefanya kazi na tume hiyo, alihakikisha waheshimiwa hawaishii kusikiliza mashahidi ukumbini: aliwapeleka viwandani, wakawaona wanawake wakitoka zamu ya usiku na watoto wakifanya kazi kwenye viwanda vya vyakula vya makopo. Zikafuata sheria zaidi ya 30, za milango ya dharura, mazoezi ya kujiokoa na moto, saa za kazi za wanawake na watoto.

Wenye viwanda vya makopo hawakukubali kirahisi. Ulipojadiliwa muswada wa siku moja ya mapumziko kila wiki, waliomba wao wasiguswe. Smith akajibu kwamba ameisoma kwa makini amri ya kuitakasa Sabato, na hakuona mahali palipoandikwa “isipokuwa viwanda vya makopo”. Wapo wanaolichukulia jibu hilo kuwa ulimi mwepesi wa mwanasiasa. Sikubaliani nao. Mtu huyo alikuwa ameusoma muswada, na tume yake ilishafika kwenye viwanda vile, ikawakuta watoto kazini.