Kengele ipi tuibonyeze?

Juu ya mlima, upande wa Newala, kuna kigango, kanisa dogo lililo chini ya parokia, ambacho padri hukifikia mara moja kwa mwezi, mvua zikiruhusu. Jumapili nyingine katekista anaongoza ibada mwenyewe, na siku hizi ana msaidizi: spika ndogo ya bluu anayoifunga kwenye khanga kuukuu isiingie vumbi. Anachomeka kadi ya memori, sauti ya sista inatoka, watu wanatulia chini ya mkorosho. Nilikuwapo Jumapili moja. Tafakari ilikuwa ya dakika 12, kuhusu msamaha, na sista aliijua kazi yake. Alipomaliza akasema: "Jiunge na chaneli yetu, na usisahau kubonyeza kengele." Mtoto mmoja akageuka kuitazama kengele ya kigango, ambayo ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Bibi aliyekaa karibu nami akauliza kwa sauti ya chini, "Kengele ipi tena?"

Tangu siku ile nimekuwa nikiusikiliza kwa sikio jingine ubishi unaoendelea huku kusini, kwenye vikao vya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, kwenye jumuiya ndogondogo, hata njiani tukitoka Misa. Watawa wameingia mtandaoni. Wapo YouTube, wapo Facebook, wana magrupu ya WhatsApp yanayotuma somo la siku kabla jogoo hajawika. Wengine wanasema ndiyo kazi yao hiyo, wengine wanasema mtawa na simu ni paka na maji.

Hawa wa pili wanasahau Ndanda. Wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walipofika kusini, vituo vyao vya mwanzo vya Lukuledi na Nyangao vilishambuliwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Mwaka uliofuata wakaanzisha misheni ya Ndanda, chini ya mteremko wa uwanda wa Makonde, na miongoni mwa mambo yaliyokuja kuipa Ndanda jina, pamoja na hospitali na shule, ni kiwanda cha uchapaji. Nyumba ngapi za Masasi na Nachingwea zina kitabu cha sala kilichochakaa, kurasa za mwanzo zimetoka, lakini chapa ya Ndanda bado inasomeka? Mtawa kutumia chombo cha kisasa si jambo la jana. Mashine ya chapa nayo iliwahi kuwa kitu kigeni.

Na Kanisa lenyewe halikuacha nafasi ya kujitetea. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake kuhusu vyombo vya mawasiliano tarehe 4 Desemba 1963. Mwaka 1975 Papa Paulo VI akaandika kwamba Kanisa lingejiona na hatia mbele za Bwana kama lisingevitumia. Kuna mashirika yaliyozaliwa kwa ajili hiyo tu: Padri Giacomo Alberione alianza na wanaume huko Alba, Italia, mwaka 1914, na mwaka 1915 wakafuata Mabinti wa Mtakatifu Paulo, ambao kwao mtambo wa chapa na maikrofoni ni mimbari. Huku kwetu tuna Wasalvatoriani, ambao mwanzilishi wao, Mwenye Heri Fransisko Jordan, aliwataka wamtangaze Mwokozi kwa njia zote na kwa nyenzo zote. Ukimwambia Msalvatoriani aweke simu chini, unamwambia aiasi karama yake.

Kwa hiyo swali la "inafaa au haifai" mimi naliona limekwisha jibiwa. Lililobaki ni gumu zaidi: nani anasikia?

Fungua video yoyote ya kwaya au tafakari iliyorekodiwa Mtwara au Lindi, usome maoni chini yake. "Nimekumbuka nyumbani." "Hapo ndipo nilipopata Kipaimara." Wengi ni watoto wetu waliohamia Mbagala, Dar es Salaam, na kwingineko, wanaosikiliza sauti ya kwao wakiwa kwenye daladala. Hilo si dogo. Kijana aliyeondoka Tandahimba na begi moja, akikaa miaka bila kuijua parokia ya mtaa anaoishi, akavutwa na wimbo mmoja hadi kwenye jumuiya, huyo ameokotwa. Ila tuite jambo kwa jina lake: huko ni kuchunga kondoo waliotawanyika. Tusije tukahesabu watazamaji elfu kadhaa tukasema Injili imefika Kitangari, huku Newala.

Kitangari kwenyewe simu zipo, bando ndilo linalofuata kalenda ya korosho. Minada ikianza Oktoba pesa inaingia, vijana wanatazama video mpaka usiku wa manane. Ikifika Kwaresima, pesa imekwisha, ghala la chakula linapungua, na bando ni la kutuma ujumbe tu. Yaani majira ambayo Kanisa lina mengi zaidi ya kusema ndiyo yaleyale ambayo simu za wakulima zimenyamaza. Sijawahi kusikia mpango wa utume wa mtandao uliolifikiria hilo.

Redio haina shida hiyo. Redio Maria ilianza Songea mwaka 1996, na anayeisikiliza halipii neno hata moja zaidi ya betri. Mama anabangua korosho, rozari inaendelea. Tena msikilizaji hupiga simu akaongoza fumbo, ukasikia na kuku wake wakilia nyuma. Mtu wa mtandao atanicheka kwa kusema haya mwaka huu, lakini naona bado hatujapata chombo kinacholingana na vijiji vyetu kuliko hicho.

Tarehe 12 Mei 2024 ilikuwa Jumapili ya Siku ya Upashanaji Habari Duniani, na ujumbe wa Papa Fransisko mwaka ule ulihusu akili mnemba na hekima ya moyo. Siku hiyohiyo nyaya za EASSy na Seacom zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi zikakatika, intaneti ikadorora nchi nzima. Barabara ya Dar es Salaam nayo ilikuwa imekatwa na maji huko Kilwa siku chache kabla. Aliyezoea kufungua Misa kwenye simu aliona duara likizunguka tu. Katekista wa mlimani hakujua kama kuna lililotokea. Aligonga rimu saa mbili, watu wakaja.

Wenye hofu wana hoja moja ambayo upande wa pili huipita haraka mno, nayo inatugusa sisi wa pwani kuliko watu wa bara. Lindi, Mikindani, Kilwa, Mkristo anaishi katikati ya Waislamu, na mara nyingi ndani ya ukoo mmoja. Shangazi ni Zuhura, mpwa ni Maria. Tunazikana, tunapikiana pilau. Wenye umri wangu wanakumbuka kaseti za mihadhara ya dini zilivyozunguka miaka ile ya themanini na tisini, za upande huu na za upande ule, na jinsi salamu zilivyopungua mtaani. Mahubiri ndani ya kanisa yana kuta. Padri anajua nani amekaa mbele yake. Video haina kuta. Mtu anakata sekunde 40 za maneno yaliyosemwa kwa waamini, anazitupa kwenye grupu la mtaa, na jioni watu wawili waliokuwa wakicheza bao hawatazamani. Mtawa aliyerekodi yuko mbali, hata habari hana. Naamini watawa wengi wana busara, lakini busara ya msemaji haimfungi anayekata.

Matapeli wanaofungua akaunti kwa picha ya padri na kuomba sadaka za kisima kisichochimbwa nawataja tu, kila mtu ameshaletewa ujumbe huo.

Kuna pia suala la nadhiri. Mbenediktini anaahidi kudumu katika monasteri yake. Ndanda iliaminika kwa sababu bruda aliyekuchapia kitabu ungemkuta palepale mwaka wa kumi, amezeeka, anakusalimia kwa jina la baba yako. Kitabu chake kilikuwa na mtu nyuma yake. Hata Vatikano, katika tafakari yake ya tarehe 28 Mei 2023 kuhusu mitandao ya kijamii, ilikumbusha kwamba watu hawawezi kushiriki mlo kupitia skrini. Nami ningeongeza kwamba mwaka 2020, nchi nyingi zilipofunga makanisa kwa sababu ya korona, sisi hatukuyafunga. Misa ya simuni kwetu haikuja kwa dharura. Tumeichagua wenyewe, kwa hiyo tunaweza pia kuipangia.

Ningeanza kuipangia hapa: tafakari isitoke bila namba ya mtu atakayepokea simu. Shirika lenye masista watatu wa kurekodi liweke mmoja wa kusikiliza, hata kama video zitapungua nusu. Najua itaonekana hasara kwa wanaohesabu watazamaji.

Maana Jumapili ile, ibada ilipokwisha, mama mmoja alimfuata katekista wakati anaifunga spika kwenye khanga. Binti yake aliolewa na Mwislamu wa Mikindani, na mama hakuwa amezungumza naye kwa miaka minne. Sasa kuna mjukuu, ametumiwa taarifa ya akika. Alitaka kujua: huo msamaha alioutaja sista unamruhusu kwenda kula pale, au aende akae tu?

Katekista akaichomoa kadi, akaigeuza upande wa nyuma kana kwamba kuna kilichoandikwa. "Mama, nimpigie nani?"

Akika ilikuwa Alhamisi. Padri alikuwa anakuja Jumapili ya tatu.