Kasha na ufunguo wake: tokeni zinazovuja katika programu za mazungumzo

Katika ofisi moja ya tiketi na safari iliyoko Malindi, hatua chache kutoka bandarini, kuna kompyuta moja inayotumiwa kwa zamu na wafanyakazi wanne. Kila mgeni anapoagiza safari kupitia tovuti yao, roboti ya Telegram, yaani programu inayotuma ujumbe yenyewe katika mtandao huo wa mazungumzo, huandika katika kundi la wafanyakazi: jina, nambari ya pasipoti, siku ya kufika na hoteli atakayoshukia. (Nasema roboti, si boti kama wanavyoiita mafundi, kwa sababu Malindi ukisema boti imekwama watu watakimbilia gatini.) Siku moja intaneti ilikatika, programu ikashindwa kutuma na ikaandika kosa refu kwenye skrini. Kijana wa zamu alilipiga picha kwa simu yake, akaipeleka picha hiyo katika kundi la watengenezaji programu lenye watu zaidi ya 200 na kuomba msaada. Ndani ya kosa lile, katikati ya anwani ya mtandao, ilikuwamo tokeni ya roboti, nzima, bila ya herufi hata moja kufichwa.

Tokeni ni mfuatano wa herufi na tarakimu ambao mfumo wa mazungumzo humpa mtengenezaji ili programu yake itambulike bila ya kuulizwa nywila kila mara. Aliyenayo ndiye roboti, basi. Telegram imeiweka tokeni hiyo ndani ya anwani yenyewe, mara tu baada ya neno "bot", na uamuzi huo una faida yake ya wazi: mwanafunzi anaandika mstari mmoja kwenye kivinjari na papo hapo anaiona roboti ikijibu, jambo ambalo limewavuta vijana wengi katika kazi hii. Hasara yake ni kwamba anwani haina desturi ya kufichwa. Huandikwa katika kumbukumbu za seva, katika historia ya kivinjari na katika ujumbe wa makosa, na programu zinazoiandika humo hazijui kwamba zinaandika siri.

Wanaoitetea mifumo hii husema kwamba kosa ni la aliyepiga picha, na hoja yao haidharauliki. Mwaka 2016 kampuni ya usalama ya Detectify ilieleza jinsi ilivyokuta kwenye GitHub, tovuti ambako watengenezaji huhifadhi misimbo (maandishi ya programu), tokeni nyingi za Slack, mfumo wa mazungumzo ya kazini, zilizowekwa hadharani na watengenezaji wenyewe ndani ya misimbo yao. Slack haikuwa imevunjwa. Mwenye nyumba akisahau ufunguo barazani, seremala aliyechonga mlango halaumiwi.

Hoja hiyo inapata taabu pale ambapo mtumiaji hakusahau kitu. Mwezi Septemba 2022 kampuni ya Vectra ilitangaza kwamba programu ya mazungumzo ya kazini ya Microsoft Teams, ile ya kwenye kompyuta, iwe ya Windows, Mac au Linux, ilikuwa ikihifadhi tokeni katika faili kwenye diski bila ya kuzifumba, yaani bila ya kuzigeuza maandishi yasiyosomeka pasipo ufunguo, kiasi kwamba mwenye kulifikia faili angeweza kujifanya mtumiaji bila ya kuulizwa tena uthibitisho wa hatua mbili. Microsoft ilijibu kwamba jambo hilo halikufikia kiwango cha kutengenezwa kwa haraka, kwa sababu mshambulizi angelazimika kwanza kuingia katika mtandao wa anayelengwa. Ukilisoma jibu hilo haraka utaliona la kujitetea, lakini ndani yake mna ukweli: programu inayoendeshwa kwa akaunti ya mtumiaji lazima iweze kuifumbua tokeni yake, na mwizi aliyekwisha kuikalia akaunti hiyo anaweza kuifumbua vilevile. Ni sawa na kulifunga kasha na kuuweka ufunguo juu ya kifuniko.

Ninapotofautiana nao ni katika picha ya kompyuta waliyonayo akilini. Jibu lile linadhani kompyuta ina mwenyewe mmoja na kwamba "kuingia" ni tukio, kitu kinachohitaji mvunjaji. Pale Malindi kila mtu ameshaingia. Watu wanne wanatumia akaunti moja ya Windows, na jamaa wa jirani huja kuchapisha cheti akiwa na flashi mkononi. Kuifumba tokeni kwa hifadhi ya siri ya Windows, inayofungamana na akaunti ya kompyuta ile, kusingemzuia aliyekaa kwenye kiti kile kuitumia. Kungemzuia, hata hivyo, anayenakili faili kwenye flashi na kwenda kulifungua nyumbani, kwa kuwa kule lisingefunguka kirahisi. Kinga hiyo ni nusu, nami naiona inafaa kulipiwa gharama.

Hata hivyo, ninaona tunagombana mno juu ya mahali pa kuificha tokeni na kidogo mno juu ya mamlaka tunayoipa. Slack ina anwani za siri za kupokelea taarifa, na kuvuja kwake ni aibu, lakini mwenye anwani hiyo anaweza kutuma tu katika chaneli iliyowekewa, wala hawezi kusoma. Tokeni ya roboti ya Telegram ni moja kwa kazi zote na haina siku ya kumalizika mpaka mwenyewe aibatilishe. Mwezi Agosti 2025 wezi walipozipata tokeni zilizoiunganisha Drift, programu ya kuzungumza na wateja, na mifumo ya Salesforce ya kutunzia taarifa za wateja, waliingia katika taarifa za mamia ya kampuni. Cloudflare, kampuni ya huduma za mtandao iliyokuwa miongoni mwao, ilipopekua kilichochukuliwa ilikuta tokeni zake 104 ndani ya maandishi yaliyoibwa. Tokeni moja ilikuwa imezaa nyengine.

Ofisi ya Malindi iliibatilisha tokeni yake siku ile ile, kazi ya dakika moja, na ikapata mpya. Nilipoulizwa, nilishauri roboti isitume tena pasipoti, itume nambari ya oda pekee, na atakayehitaji jina alitazame katika mfumo kwa nywila yake mwenyewe. Walikubali. Wiki ya pili, boti ya asubuhi ilipofunga gati na wageni wakajaa mlangoni, mmoja wa wafanyakazi alichoka kufungua mfumo kwa kila oda, akaanza kuziandika nambari za pasipoti kwa mkono katika kundi lile lile.