Anacheka, anacheka, anacheka

Kazi inayonipa riziki siku hizi ni kutia maandishi ya Kiswahili chini ya filamu za Kiingereza, yale wanayoyasoma watazamaji viziwi ambamo hata sauti huandikwa: mlango unagongwa, mbwa anabweka, mtu anacheka. Mwezi uliopita nikarudishiwa faili na ujumbe wa mistari miwili. "Umeandika 'anacheka' mara 14. Kiingereza chake kina maneno saba tofauti."

Nikafungua. Kweli. "Chuckle", anacheka. "Giggle", anacheka. "Titter", "snigger", "guffaw", "cackle", "chortle", wote kwangu wanacheka tu, utadhani filamu nzima ina koo moja.

Hapa ndipo wasomi wetu hupenda kuugua: Kiswahili maskini. Sikubali. Ila kabla sijakataa niwape Waingereza haki yao, maana maneno yao yana masikio. "Giggle" ni kile kicheko chembamba cha watoto wa chuoni maalimu akigeuka tu. "Chuckle" hakifiki mdomoni, kinagota kifuani, ni cha mzee aliyekumbuka jambo lake la ujana na hatawaambia ni lipi. "Guffaw" ni cha kondakta: kinywa wazi, abiria wote wageuke. "Snigger" hupitia puani na kina sumu kidogo. Wamarekani hulitamka "snicker", na watoto wa hapa wanalijua dukani kama chokoleti, ingawa chokoleti yenyewe, nasikitika kuwaambia, ilipewa jina la farasi. "Chortle" ndilo ninalolionea wivu, kwa sababu lilitungwa. Mwandishi Mwingereza Lewis Carroll alilitia kwenye shairi mwaka 1871, na husemwa aliunga "chuckle" na "snort", ule mvumo wa puani. Fundi ameunga mbao mbili, na watu wamekikalia kiti hadi leo.

Sasa yasikilize tena hayo maneno. Karibu yote yanaeleza sauti tu, na baadhi yanamhukumu mwenye sauti. Wa "giggle" mara nyingi ni msichana. Wa "cackle" ni kikongwe, na ikiwezekana mchawi, kwa neno ambalo asili yake ni la kuku aliyetaga. Kwetu kuku hutetea, bibi zetu hucheka.

Niliipeleka orodha yangu barazani, hapa Kibokoni, Mombasa, nikawa naitamka neno moja moja nikijichekea. Mamangu akatokeza kichwa mlangoni. "Wateka nini pekeyo?" (Sisi wa Mvita huteka. Mgeni wa bara akitusikia huanza kutafuta ndoo.) Nikamwuliza: mama, mtu akicheka kifuani, pasi na kutoa sauti, twasemaje?

Akafikiri. "Yategemea amteka nani."

Nimelichukua jibu hilo kwa siku nyingi sasa, na naona amemaliza kesi. Mwingereza anauliza kicheko kimetokaje. Sisi twauliza kimemwendea nani. Kumcheka mtu ni kumdhihaki. Ongeza irabu moja tu, umchekee, na mambo yamegeuka: sasa unampendeza, au unamlegezea. Askari akimchekea kondakta, gari bovu linapita. Mama akimchekea mtoto, mtoto anaharibika. Chekelea, na umeridhika na jambo, pengine jambo ambalo hukupaswa kuridhika nalo. Kuna watu huchekelea msiba wa jirani bila kutoa hata pumzi. Chekana, na sasa mko wawili, kila mmoja ana kidonda chake. Ukicheka na nyani utavuna mabua: hakuna aliyemtolea nyani mzaha. Kicheko hapo ni ulegevu, na gharama yake ni shamba la mahindi. Nitafutie hilo katika "titter".

Na tuna "kuangua kicheko", ambalo nikilisikia humwona mkwezi juu ya mnazi akiangua madafu, kishindo kikifuata kishindo. Kilio nacho huanguliwa vivyo hivyo. Mti mmoja.

Lakini tusijifanye watakatifu. "Kukenua" ni tusi, linakuhesabia meno. Na "kuchekacheka" sijawahi kulisikia likisemwa juu ya mwanamume. Ni la binti anayeonekana hajatulia, na mashangazi wa mji huu wanajua kulitumia kama bakora. Wale wanaofunika mdomo kwa ncha ya leso wakicheka hawakuzaliwa wakifanya hivyo.

Basi nikakaa usiku kucha na faili langu. "Snigger" nikaandika anacheka kichinichini. "Giggle", anacheka kwikwikwi, maana milio tunayo na sijui kwa nini wahariri huiogopa, kana kwamba kwakwakwa si lugha. "Guffaw", anaangua kicheko. "Chuckle", anajichekea. Penye "cackle" mwanamke yule alikuwa akimcheka mumewe aliyefilisika, nikaandika anamcheka, nikamwacha kuku apumzike. "Chortle" ilinishinda, ikabaki anacheka.

Faili likarudi baada ya siku tatu. Yote yamepita, isipokuwa mstari mmoja kwenye dakika ya arubaini na kitu, ambapo inaonekana usingizi ulinizidi nikaandika kama tunavyosema nyumbani. Mhariri, ambaye najua si mtu wa pwani, alikuwa ameweka alama nyekundu na swali:

"Hapa umeandika 'anateka'. Nimetazama mara mbili. Kisima kiko wapi?"