Kompyuta ya gemu na kelele zisizo na mwenyewe
Jamani, kelele za kompyuta ya gemu zinachosha! Uko katikati ya mechi, kitu ndani ya boksi kinaanza: ti-ti-ti-ti. Unazima, unafungua ubavu, unawasha tena. Kimya. Ukirudisha tu mfuniko, hiyo hapo.

Kila ukiuliza, jibu ni "safisha vumbi." Sawa, vumbi lipo, lakini vumbi halipigi mluzi. Ule mluzi mwembamba unaopanda na kushuka kadiri picha inavyobadilika kwenye skrini mara nyingi hautoki kwenye feni kabisa. Unatoka kwenye koili, yaani nyaya zilizoviringishwa, za kadi ya michoro au za pawasaplai (kifaa kinacholisha kompyuta umeme), ambazo hutetemeka umeme unapobadilika-badilika kwa kasi. Kinachoniudhi ni kwamba huweza kuwa mkali zaidi kwenye menyu, mahali ambapo hakuna kinachotokea, kwa sababu kadi inatema mamia ya fremu, yaani picha moja moja za skrini, kwa sekunde bure. Weka kikomo cha fremu 60 kwa sekunde, mara nyingi mluzi utapungua. Sasa watengeneza gemu wanashindwa nini kukiweka wenyewe?

Ile ti-ti-ti kwa kawaida ni waya unaogusa mapanga ya feni. Ukisikia mkwaruzo, mara nyingi beringi ya feni imechoka. Ila ukisikia tak-tak kwenye diski ya kuzunguka, huenda inakufa: achana na gemu, nakili mafaili yako kwanza.

Halafu muuzaji anakwambia, "Hiyo ni kawaida, vaa hedifoni." Hedifoni! Kwa mashine ya bei ile!