Magugumaji Si Uwanja

Mwanangu alikuwa na miaka 11 alipotoka nyumbani Nyalenda, hapa Kisumu, bila kuaga, akatembea peke yake hadi Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, nami nilikuwa uani naanika nguo. Nilimtafuta kwa majirani, dukani, hata shuleni ambako lango lilikuwa limefungwa. Kituoni nikaambiwa nirudi kesho, saa 24 zikishatimia. Baadaye nilikuja kujua kwamba hakuna sheria ya namna hiyo: mtoto akipotea, ripoti inaandikwa papo hapo. Ziwani sikuwaza kabisa.

Ni mwendesha bodaboda aliyeniambia amepishana na mtoto mwenye fulana nyekundu, ameziba masikio, anateremka kuelekea ufuoni. Nilipofika, mama mmoja muuza samaki alikuwa amemshika mkono, wote wawili wamelowa. Majira yale upepo ulikuwa umeyasukuma magugumaji hadi ukingoni, yametanda kijani kibichi, na asiyeyajua angeapa ni uwanja wa mpira. Mwanangu alikuwa anakwenda kucheza humo. Yule mama alimwita, hakugeuka. Kijana wangu ana usonji, yaani autism, na ukimpigia kelele ndipo anapoongeza mwendo. Ikabidi aache beseni lake la omena, aingie majini, amzunguke na kumtokea kwa mbele.

"Huyu ni wako, mama? Mfundishe kwamba hayo si nyasi."

Nikanyamaza miaka miwili. Kwa wakwe zangu tayari ilikuwa imesemwa kwamba ni chira, kwamba kuna mwiko niliouvunja, na sikutaka kuwaongezea la kusema. Halafu siku moja, kwenye foleni ya kupimiwa watoto, nikaketi na mama wa Manyatta. Binti yake alikuwa ameingia kwenye magugumaji yale yale, Dunga ile ile, mwaka mmoja baada ya wangu. Walimtoa akiwa hapumui. Alipona, Mungu ni mwema, lakini mama yake aliponiuliza kama nimewahi kusikia jambo la aina hiyo, nilitazama sakafu.

Basi msimamo wangu ni huu, na najua baadhi yenu hamtaupenda: aibu zetu wazazi zinawaweka watoto wetu hatarini kuliko usonji wenyewe. Vipeperushi vinatuambia tuhakikishe usalama wa mtoto. Sawa, lakini mimi nifanye nini na maneno hayo saa nane mchana, mtoto hayupo? Kisa cha mtu kingeniambia: kimbilia maji kwanza, dukani utakwenda baadaye. Huko Marekani watafiti wamechunguza vifo vya watoto wenye usonji waliotoroka nyumbani, na kuzama majini ndiko kunakoongoza. Sisi tunaoishi na ziwa mlangoni tulipaswa kuwa wa kwanza kuambiana.

Na tusiambiane sisi kwa sisi tu. Mimi sasa nimesimulia pale steji, kwa wauza mboga wa njiani, kwa wavuvi. Vijana wa bodaboda wanamjua mwanangu kwa jina, wanajua asipigiwe honi, na wana nambari yangu. Hilo limenisaidia kuliko semina zote nilizohudhuria, ingawa chai ya semina huwa nzuri. Nambari ya 116, ile ya bure ya kusaidia watoto, nimeiandika ukutani kwa makaa.

Siku hizi ana miaka 18 na ziwa limeacha kuwa hofu yangu kubwa. Hofu ni watu. Yeye huamini neno kama lilivyosemwa. Jamaa mmoja wa mtaani alimwomba kitambulisho "asajili laini mara moja," naye akampa, kwa sababu ameombwa kwa adabu. Laini ile ikatumiwa kulaghai watu pesa. Alipohojiwa hakumtazama afisa machoni, na hilo likahesabiwa kuwa dalili ya uongo. Tulihangaika wiki tatu.

Kisa hicho sikukisimulia mimi. Alikisimulia mwenyewe, mbele ya vijana wenzake kwenye ukumbi wa kanisa huko Kondele, amesimama ameupa umati mgongo kwa sababu hivyo ndivyo anavyoweza kuongea. Alipomaliza, msichana mmoja akanyoosha mkono akasema yeye pia ana "rafiki" anayemshikia nambari ya siri ya M-Pesa. Mama yake alikuwa ameketi kando yangu. Hakuwa anajua.

Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wa makundi ya WhatsApp. Kuna wanaorekodi video ya mtoto akijirusha chini na kulia, wakaituma eti kuelimisha jamii. Hiyo mimi siiiti kusimulia. Video ile itamkuta mtoto akiwa na miaka 20 anatafuta kazi, na anayetaka kumdhulumu ameshaonyeshwa pa kumshika.

Kwa hiyo haya yote nilimsomea kwanza. Aliniambia niondoe sentensi mbili, nimeziondoa. Kisha akanisahihisha: alipotoka nyumbani haikuwa saa nane, ilikuwa saa nane na dakika kumi, na fulana yake ilikuwa ya rangi ya machungwa.