Hesabu za reli ya Baltimore & Ohio hazikuwa siri ya wakurugenzi

Kampuni ya reli ya Baltimore & Ohio ya Marekani ilipata hati yake ya kuanzishwa Februari 1827. Katika mtaji wa dola milioni 3, milioni 1 ilitengewa jimbo la Maryland na nusu milioni jiji la Baltimore. Hisa zilizobaki zikauzwa kwa dola 100 kila moja, na wananchi wakazigombania. Hofu ndiyo iliyowasukuma. Mfereji wa Erie, njia ya maji iliyounganisha New York na Maziwa Makuu ya Marekani, ulikuwa umefunguliwa 1825 na biashara ya magharibi ilikuwa ikikimbilia New York. Fedha za umma zilikuwamo tangu siku ya kwanza, ndiyo maana nashikilia kwamba umma ulikuwa na haki ya kuzisoma hesabu zake bila kufichwa kitu.

Miaka ya mwanzo kampuni yenyewe iliendesha mambo hivyo. Taarifa zake za mwaka zilijaa hesabu za wahandisi, Jonathan Knight akiwa mkuu wao: farasi anagharimu kiasi gani, injini ya mvuke kiasi gani. Hata yaliyoharibika yaliandikwa. Sehemu za njia walizijenga kwa mihimili ya granaiti, wakapigilia juu yake bamba la chuma, wakiamini wamejenga kitu cha kudumu. Majira ya baridi udongo ukaganda, mawe yakainuka na kuhama, na chuma kikawa kinapondwa kati ya gurudumu na jiwe lisilobonyea. Yote hayo yalichapishwa, na kampuni nyingine zikajifunza bila kuingia hasara ileile. Mwaka 1835 jarida la reli la Marekani likaiita kampuni hii chuo kikuu cha reli cha nchi nzima. Kwangu mimi sifa hiyo ni kubwa kuliko ya injini yoyote waliyowahi kuiendesha.

Kisha akaja John W. Garrett, rais wa kampuni kuanzia 1858 hadi kifo chake 1884. Alikuwa hodari wa biashara, sibishi. Lakini chini yake taarifa ya mwaka ikawa hotuba ya kujitapa kwa ziada kubwa, yaani faida iliyolimbikizwa, na gawio, fedha wanazogawiwa wenye hisa, likalipwa kana kwamba mdororo wa uchumi haukuwahusu. Mwaka 1877 wenye hisa waligawiwa asilimia 10, na mwaka huohuo mishahara ya wafanyakazi ikakatwa asilimia 10. Tarehe 16 Julai, pale Martinsburg, West Virginia, wafanyakazi wakavifungua vichwa vya treni za mizigo na kukataa ziondoke. Mgomo ukaenea nchini, na mjini Baltimore askari wakawapiga watu risasi. Yule mtia makaa wa injini aliyekatwa ujira angewezaje kujua kama ziada ile ilikuwa ya kweli?

Haikuwa ya kweli kama ilivyotangazwa: mwaka 1888, Garrett akiwa amekwisha kufa, kampuni yenyewe iliifuta sehemu kubwa yake. Hata hivyo desturi haikukoma. Kampuni iliposhindwa kulipa madeni na kuwekwa chini ya wasimamizi wa mahakama 1896, mhasibu Stephen Little alivipitia vitabu vya tangu 1888 akakuta matumizi yaliyopaswa kukatwa kwenye mapato yameandikwa kama mali ili faida ionekane kubwa, na gawio limelipwa kutokana na faida ambayo haikuwapo. Wapo wanaosema enzi zile kanuni za uhasibu hazikuwa zimekomaa. Utetezi huo siukubali. Kampuni iliyoweza kutangaza hasara ya mawe yake katika miaka ya 1830 ilijua vizuri kusema kweli ni nini.

Tena walioumia hawakuwa wafanyakazi peke yao. Johns Hopkins, mfanyabiashara aliyekuwa na hisa nyingi katika kampuni hii, alifariki 1873 na kukiachia chuo kikuu chenye jina lake hisa 15,000, akishauri zisiuzwe. Gawio lilipokatika mwishoni mwa miaka ya 1880, chuo kikakwama, na shule yake ya udaktari ikabaki mpango wa kwenye karatasi. Aliyeikwamua ni Mary Elizabeth Garrett, binti wa rais yuleyule: alitoa zaidi ya dola 300,000 za kwake, kwa sharti kwamba wanawake wapokelewe sawa na wanaume. Shule ilifunguliwa 1893, miaka mitatu kabla kampuni ya baba yake haijaangukia mikononi mwa wasimamizi wa mahakama.