Miche bilioni 15 haijawa msitu

Sisi watu wa Mombasa tukianza mazungumzo ya maji, ni mfereji uliokauka, bomba lililopasuka na bei ya mtungi wa mkokoteni. Mimi leo nina neno juu ya kimea kisichofika hata urefu wa kidole. Wataalamu hukiita Frullania. Wengi wakikiona kwenye gome la mti husema ni ukoga, wakapita zao.

Frullania ni jenasi yenye mamia ya spishi duniani, katika kundi la brayofita: vimea visivyo na maua, mbegu wala mizizi ya kweli. Hunata kwenye magome, na baadhi hata juu ya majani ya miti. Chukua kioo cha kukuzia utazame upande wa chini: kando ya kila jani lake dogo pana kifuko chenye umbo la kofia. Kifuko hicho hushika maji, na ndani yake huishi vijidudu ambavyo jicho tupu halivioni. Jua likikaza, kimea hukauka kikawa chekundu au kahawia, ukadhani kimekufa. Kikipata mvua au ukungu, dakika chache tu kimeshafunguka na kurudia uhai. Wakata miti wa Ulaya wanakijua kwa ubaya, maana baadhi ya spishi zake huwawasha ngozi hadi wakatoka ukurutu. Nami siwaonei huruma sana.

Sasa, maji yetu. Sehemu ya maji ya Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200. Mzima nayo hulishwa na milima ya Chyulu: mvua na ukungu wa kule juu huzama kwenye miamba ya volkano na kuibukia chini. Juu ya Chyulu pana msitu wa ukunguni, ambao ndio aina ya msitu vimea hivi vinaopenda. Vikijaa matawini hunasa matone ya ukungu, huyashika na kuyaachia polepole. Katika milima ya Uluguru, Tanzania, mtaalamu Tamás Pócs alipima akaona vimea vya matawini vya msitu wa kileleni huweza kushika takriban lita 50,000 kwa hekta katika mvua moja.

Ndiyo maana hesabu ya miche hainitoshi. Serikali imeahidi miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa mapumziko ikapande. Vizuri. Lakini mche hauna gome kuukuu, hauna kivuli, hauna unyevu wa kulea kitu. Na ukiwa mkalitusi, ndio basi kabisa: mingi huambua gome lake kila mara, vimea vikakosa pa kushika. Msitu mkongwe ukiungua, vimea hivi huchukua miongo kurudi, kama vitarudi.

Ningekuwa na usemi, fedha za sherehe za kupanda ningeanza kuwalipa vijana wa kuzuia moto Chyulu kabla kiangazi hakijakaza. Miche ingefuata baadaye, ya miti ya kiasili, tena ipandwe kwenye ukingo wa msitu uliopo, ili upepo uweze kuhamisha spora, yaani chembe za uzazi za vimea hivi, kutoka magome ya zamani hadi mapya.